Kipimo Kilikuwa cha Mama

Ukiuliza kwenye kliniki yoyote ya wajawazito hapa Kenya kwa nini mama anapimwa sukari, jibu utakalopewa ni moja: kwa ajili ya mtoto. Sukari ya mama ikipanda, mtoto hunenepa kupita kiasi tumboni, huzaliwa kwa shida, na akishazaliwa sukari yake mwenyewe inaweza kushuka ghafla. Jibu hilo ni la kweli. Lakini ukirudi nyuma kwenye historia ya kipimo chenyewe, utakuta jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Viwango vya mwanzo vilivyotumika kote duniani kutambua kisukari cha ujauzito havikuwekwa kwa ajili ya mtoto. Viliwekwa ili ijulikane ni mama yupi atakayeugua kisukari miaka ya baadaye, wakati mtoto mwenyewe ameshaanza shule.

Yaani kipimo kilikuwa cha mama. Nataka kueleza hapa alivyosahaulika ndani yake, na kwa nini ipo siku moja, wiki ya sita baada ya kuzaa, ambapo tungeweza kumrudishia kilicho chake.

Tuanzie Berlin. Mwaka 1824 daktari kijana aliyeitwa Heinrich Bennewitz aliwasilisha tasnifu yake, kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa wakati huo. Iliandikwa juu ya mwanamke mmoja mwenye mimba ya tano. Mwanamke huyo alikuwa na kiu isiyokatika, akinywa maji mengi na kukojoa mno, na mkojo wake ulikuwa na sukari. Mtoto alikuwa mkubwa ajabu, pauni 12, ambazo ni zaidi ya kilo 5, na alikufa katika kuzaliwa. Mama akapona, na ile sukari ikaondoka. Bennewitz akahitimisha kwamba kisukari kile kilikuwa dalili ya mimba.

Miaka 58 baadaye, mwaka 1882, daktari wa uzazi James Matthews Duncan alisimama mbele ya wenzake jijini London na kueleza visa vya wanawake waliopata mimba wakiwa na kisukari. Habari zilikuwa za huzuni: watoto wengi walikufa, na baadhi ya mama pia. Duncan akaona jambo ambalo mwenzake wa Berlin hakulifikia. Alisema ugonjwa huu unaweza kuja na mimba, ukaondoka mimba ikiisha, kisha ukarudi siku nyingine. Shika hilo la mwisho, msomaji. Kwamba ugonjwa hurudi lilikuwa limeshasemwa kabla reli ya Mombasa haijawekwa hata taruma moja.

Huku kwetu, madaktari wa kikoloni na wa misheni waliuhesabu ugonjwa huu kuwa wa nadra. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo kule Kampala mwaka 1897, aliandika miaka michache baadaye kwamba kisukari ni haba miongoni mwa wagonjwa wake, ila kikimpata mtu huua. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30 kuanzia 1929, alichapisha kitabu kizima mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, na alishikilia kwamba mengi yalikuwa machache kwa Waafrika wa zama zake. Sisemi waliona vibaya. Watu walitembea, walilima, walikula vyakula vya shamba. Lakini wazo likishakaa hospitalini kwamba ugonjwa fulani ni wa wengine, hakuna anayeutafuta. Nairobi ilipopata hospitali ya uzazi ya Lady Grigg mwaka 1926, ile ambayo leo tunaiita Pumwani, hofu ya uzazi ilikuwa damu na homa. Mama akitoka mzima na mtoto mzima, kazi imekwisha. Mpaka leo ndivyo tunavyopima uzazi salama: mama ametoka, mtoto ametoka, alhamdulillahi.

Kipimo chenyewe kilizaliwa Boston, Marekani. Insulini ilikuwa imegunduliwa Toronto mwaka 1921, na tangu mwaka uliofuata watu wenye kisukari wakaanza kuishi ambapo zamani wangekufa. Wanawake wao wakaanza kubeba mimba na kujifungua. Ndipo madaktari walipoanza kuulizana juu ya kitu cha ajabu. Mwanamke aliyegunduliwa kuwa na kisukari akiwa na umri wa miaka 45 au 50, ukimuuliza habari za uzazi wake, mara nyingi atakwambia alizaa watoto wakubwa sana, au alizaa wafu, miaka mingi kabla ya kugunduliwa. Kumbe mimba ilikuwa imeshatoa onyo. Je, onyo hilo lingeweza kusomwa mapema?

Mwaka 1954 uchunguzi ukaanza katika Hospitali ya Jiji la Boston. Daktari aliyekuja kuuongoza ni John O'Sullivan, na mtakwimu wake alikuwa Claire Mahan. Wajawazito 752 walinyweshwa maji yenye gramu 100 za glukosi, wakatolewa damu mara nne: kabla ya kunywa, kisha baada ya saa 1, saa 2 na saa 3. Wawili hao wakakokotoa wastani wa kila saa, wakaangalia ni nani waliopanda mbali juu ya wastani. Halafu wakachukua kundi jingine la wanawake 1,013 waliokuwa wameshapimwa kwa njia hiyohiyo wakiwa wajawazito, wakawafuatilia hadi miaka 8. Swali lilikuwa: ni kiwango gani cha sukari katika mimba kinachotutajia mwanamke atakayekuwa mgonjwa wa kisukari? Majibu yakachapishwa mwaka 1964 katika jarida la Diabetes. Kwa miongo mingi baada ya hapo, wajawazito wa nchi nyingi walipimwa kwa viwango vya Boston au kwa viwango vilivyotokana navyo.

Uzito wa mtoto haukuwa ndani ya hesabu hiyo, wala upasuaji, wala sukari ya mtoto kushuka. Mizani ya O'Sullivan na Mahan ilikuwa maisha ya mwanamke baada ya wodi ya uzazi.

Yakapita miaka. Madaktari wa uzazi walikuwa na swali lao, nalo ni halali: sukari ikifika wapi ndipo mtoto huanza kudhurika? Utafiti mkubwa ukafanywa, wanawake zaidi ya 23,000, vituo 15 katika nchi 9, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008. Ilionekana kwamba hakuna ukuta. Kadiri sukari ya mama inavyopanda ndivyo mtoto anavyozidi kuwa mkubwa, hatua kwa hatua. Kutokana na hesabu hizo wataalamu wakachagua viwango vipya, na Shirika la Afya Duniani likavikubali mwaka 2013: milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili. Viwango hivi vilipimwa kwa mtoto: uzito wake, mafuta ya mwili wake, insulini katika damu ya kitovu chake.

Hakuna hata kimoja cha vituo vile 15 kilichokuwa katika bara la Afrika. Hilo lina mjadala wake. Ninachotaka uone ni kwamba jicho lilihama. Kipimo kilichoanza kwa kumtazama mama kilimalizia kwa kumtazama mtoto, na mtoto akishatoka, kipimo nacho kikawa hakina la kusema.

Mwili wenyewe haukuhama na jicho. Ndani ya mimba, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi vizuri, ili chakula kimfikie mtoto. Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini zaidi, mara mbili au hata tatu ya kawaida. Wengi hulimudu hilo. Mwanamke ambaye kongosho lake halina akiba hushindwa, na sukari hupanda. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, mzigo huondoka, na sukari ya wengi huteremka ndani ya siku chache. Umewahi kuona lori kuukuu lililosheheni likipanda kilima cha Mazeras? Linakohoa, linatoa moshi, wenye magari nyuma wanapiga honi. Likifika kwenye tambarare linatulia. Aliyelisikia likikohoa anajua injini ile ni ya kupelekwa gereji, hata kama sasa imenyamaza.

Huku Pwani tuna usemi wa nyumbani ambao mamangu aliutumia juu ya dada yangu mkubwa: sukari ya mimba huenda na mimba. Dada alikuwa na mimba ya pili alipoambiwa ana sukari. Alijitahidi, masikini. Aliacha soda, akaacha mahamri ya asubuhi, akatembea kila jioni na tumbo lake, akajidunga insulini miezi miwili ya mwisho. Alijifungua salama. Kabla hajatoka hospitalini muuguzi alimchoma kidole, akaangalia kimashine, akamwambia, "Sukari imeshuka mama, uko sawa sasa. Enda ukalee mtoto. Wiki ya sita mlete chanjo."

Nyumbani akaingia arobaini. Kila mtu wa Pwani anajua mzazi hutunzwa vipi: maji ya moto ya kukandwa, mkaja tumboni, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, tende, chai ya maziwa iliyokolea sukari ili maziwa ya mtoto yajae. Mzazi hafanyi kazi, hatoki nje, wanawake wa ukoo wanapokezana. Siku 40, na madaktari nao huhesabu 42 mpaka mwili wa mama kurudi katika hali yake. Hesabu ya bibi na hesabu ya daktari zimepishana kwa siku mbili tu.

Arobaini ilipotoka dada alimpeleka mtoto kliniki. Mtoto akapimwa uzito, akapewa matone mdomoni, akadungwa sindano mapajani, akaandikwa kitabuni. Aliyeketi na mtoto mapajani hakuulizwa kitu juu ya sukari. Na yeye hangeuliza, kwani alikuwa ameambiwa yuko sawa. Miaka minne baadaye macho yalianza kuona ukungu, akaenda kutafuta miwani. Fundi wa miwani, mtu ambaye si daktari, ndiye aliyemwambia, "Dada, kabla sijakuuzia miwani, hebu nenda kapime sukari." Ilikuwa 19.

Sikuandika haya ili kumshtaki yule muuguzi. Alisema alichokiona kwenye kimashine, na siku hiyo kilikuwa kweli. Kinachokosekana ni sentensi ya pili: sukari imeshuka, na wewe pia unatakiwa upimwe wiki ya sita, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote.

Tunajua nini leo? Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 20: mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kupata kisukari cha aina ya pili kuliko ambaye hakukipata. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020 ulikaribia mara 10. Hatari hupanda kwa kasi katika miaka 5 ya mwanzo, na dada yangu alianguka humohumo. Wale wanawake wa utafiti wa vituo 15 nao walifuatiliwa, na majibu yakatoka mwaka 2018. Baada ya miaka 10 hadi 14, zaidi ya nusu ya waliokuwa wamefika viwango vya kisukari cha ujauzito walikuwa na kisukari au sukari iliyokaribia kisukari. Kwa ambao hawakufika, ni mmoja kati ya watano. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya mtoto ukarudi, baada ya mzunguko mrefu, kusema kile Boston ilichosema mwaka 1964, na Duncan mwaka 1882.

Na kujua kuna faida. Katika mpango mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanywa Marekani, walikuwemo wanawake 350 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda na waliowahi kuwa na kisukari cha ujauzito. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari yao kwa takriban nusu. Waliopewa metformin, kidonge cha bei ndogo kinachopatikana katika hospitali zetu, walipunguza kwa kiasi kilekile. Kunyonyesha nako kunasaidia mwili wa mama kutumia sukari vizuri zaidi. Lakini huwezi kumpa kinga mtu usiyejua kwamba anaihitaji.

Kipimo kinachopendekezwa ni cha kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kuzaa. Mama anakuja bila kula, anatolewa damu, anakunywa, anakaa saa mbili, anatolewa tena. Ikiwa ni milimoli 7.0 au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, hicho ni kisukari. Kile kipimo kingine kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakiaminiki wakati huu, kwani mama amepoteza damu katika kuzaa na damu mpya inatengenezwa. Kumchoma kidole saa chache baada ya kujifungua hakutoshi pia. Hapo tunapima tambarare, lori ndiyo kwanza limeshusha shehena.

Sasa kwa nini hakifanyiki? Nimezungumza na mama wengi na wauguzi wachache, na sababu hazina siri. Mama wa wiki sita hana saa mbili za kukaa na njaa kwenye benchi, mtoto akilia na mkubwa akimngojea nyumbani. Nauli ya matatu ni ya safari moja, si mbili. Mara nyingi maabara iko jengo moja na chanjo jengo jingine, na siku zake hazilingani. Kliniki ya wajawazito imemwacha, kliniki ya kisukari haijampokea kwa sababu kwa sasa si mgonjwa, na kliniki ya watoto inamjua mtoto. Mama ameangukia katikati ya milango mitatu.

Jina lenyewe limechangia. Tunaposema kisukari cha ujauzito, neno la mwisho linamaliza habari. Ujauzito umeisha, basi na hicho kimeisha. Usemi wa mamangu haukutoka hewani, umetoka ndani ya jina tulilopewa na madaktari wenyewe.

Na sera nazo zilifuata mkondo wa zamani. Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, na ilikuwa hatua kubwa. Lakini hofu iliyosukuma sera hiyo ilikuwa ileile ya siku za Lady Grigg: mama asife akizaa. Hiyo ni haki, na kazi yake haijaisha. Ila mama ambaye hakufa kwa damu akiwa na miaka 28 anaweza kuja kupofuka, kukatwa mguu au kuharibikiwa figo kabla ya kufika 50, na hakuna mtu atakayeiandika hasara hiyo kwenye daftari la uzazi.

Dawa ya jambo hili nadhani tayari tunayo mkononi. Kenya ina siku ambayo mama karibu wote huitii: chanjo ya wiki ya sita. Mama atakosa miadi yake mwenyewe, lakini chanjo ya mtoto hakosi kirahisi. Wiki hiyohiyo imo ndani ya muda wa kipimo. Watafiti wa Afrika Kusini, Cape Town na Soweto, wamelijaribu wazo hili: mama aliyekuwa na sukari katika mimba apimwe palepale anapoleta mtoto kliniki. Hapa kwetu kingeanza na vitu vidogo. Alama nyekundu kwenye jalada la kitabu cha kliniki cha mama aliyekuwa na sukari. Ujumbe wa simu siku moja kabla: njoo bila kula. Damu ya kwanza itolewe kabla mtoto hajapimwa uzito, ili saa mbili za kungoja ziwe zilezile za foleni. Foleni tunazo, si za kutafuta.

Atakayeuliza kwa nini tuhangaike na mama ilhali fedha za mtoto zenyewe hazitoshi, nimjibu kwa hesabu yake. Mama huyu huenda akabeba mimba nyingine. Ikiwa kisukari kimeshaingia kimyakimya, mtoto anayefuata atakuwa akiumbwa moyo na uti wa mgongo ndani ya sukari ya juu katika wiki zile za mwanzo, kabla mama hajajua kama ana mimba. Hapo hatari ya kuzaliwa na kasoro huongezeka, na kliniki itakapompokea akiwa na miezi minne, viungo vimeshaumbika. Anayetaka kumlinda mtoto wa tatu lazima ampime mama wa mtoto wa pili.

Kwa hiyo nasema na wewe uliyewahi kuambiwa una sukari ukiwa na mimba, iwe mwezi uliopita au miaka kumi iliyopita. Usingoje alama nyekundu wala ujumbe wa simu. Siku utakayompeleka mtoto chanjo, au siku yoyote ile kama mtoto ameshakua, nenda bila kula, ufike dirishani mapema, useme: "Sista, nilikuwa na sukari nikiwa na mimba. Nataka kupimwa na mimi." Kipimo ni chako tangu mwaka 1964.